Dirisha la Rosa

Firdausi alishona sare za shule mjini Kasulu kwa miaka kumi na mmoja, kisha akahamia kwenye pazia. Sare huja kwa mkupuo mwezi wa kwanza, halafu cherehani inakaa kimya. Pazia watu wanataka mwaka mzima. Alijifunza kwa kutazama picha kwenye simu na kwa kuharibu vitambaa vyake mwenyewe.

Mwaka jana mwalimu mmoja, Ange, alimwita nyumbani kwake. Mama yake, Rosa, alikuwa amepooza upande wa kushoto, amelala chumba cha mbele ambacho dirisha lake linatazama njia ya sokoni. Pazia zito la kahawia lilifungwa kutwa nzima.

"Tukifungua, wapita njia wanasimama kumwangalia," Ange alieleza. "Hataki kuonewa huruma."

Rosa alizungumza kwa taabu. "Mimi nimelima maisha yangu yote. Sasa hata jua silijui limefika wapi."

Firdausi alipima dirisha, akashauri watoe lile zito na kuweka shela, kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha mwanga. Mchana aliye ndani huona nje. Aliye nje haoni kitu. Alikata upana mara mbili ya dirisha ili mikunjo ijae, na baada ya siku mbili akaitundika.

Rosa aliona wanawake wakipita na mikungu ya ndizi. Aliona bodaboda aliyebeba mlango mzima mgongoni, akacheka, jambo ambalo Ange hakuwa amelisikia tangu mama yake augue.

Jioni ile Ange aliwasha taa ili amwogeshe. Sauti ya jirani ikaingia kutoka barabarani: "Jamani, Rosa amekonda hivyo!"

Asubuhi Ange alipiga simu. "Fundi, umetuvua nguo mbele za watu."

Firdausi hakujitetea. Shela zote alizowahi kutundika zilikuwa kwenye nyumba zenye uzio, na hakuwahi kuwaza kwamba giza likiingia na taa ikawashwa mambo hugeuka, aliye nje ndiye huona ndani. Akaenda, akaketi kando ya kitanda.

"Nisamehe, bibi. Nilifikiria mchana tu."

Rosa aligeukia ukutani. Firdausi akainuka, akaanza kuifungua ile shela.

"Iache," Rosa akasema. "Mchana ulikuwa mzuri."

Basi Firdausi akafunga bomba la pili la kutundikia pazia mbele ya lile la kwanza. Shela ikabaki karibu na kioo, na pazia la kahawia likarudi juu yake, sasa likiwa limeongezwa kitambaa pembeni ili mwanga usivuje. Kwa kuwa Rosa hakuweza kulifikia, Firdausi alipitisha kamba kwenye ringi za pazia hadi kitandani, upande wa mkono wake mzima.

Safari hii hakuondoka. Jua lilipozama Rosa alivuta kamba mwenyewe, mara mbili ikakwama, ya tatu pazia likajifunga. Ange akawasha taa. Firdausi akatoka, akasimama barabarani.

"Tunaonekana?" Ange akauliza kwa sauti kutoka ndani.

"Hata kivuli sikioni!"

Tangu siku hiyo, kila nyumba anamotundika shela, Firdausi husubiri taa ziwashwe, kisha hutoka nje kutazama. Wateja wengine humcheka. Yeye huwaacha wacheke.