Kampire na Jina la Baba Mkwe

Kimuli nzima, Kampire mjane wa Celestin ndiye aliyekuwa amebaki anayezijua sifa za ng'ombe alizotunga baba mkwe wake, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka hata pembe moja. Wengine wanaosema wanajua, wanajua vipande.

Mwaka 1987 bwana Hatibu alikuja kutoka chuo kikuu na mashine ya kunasa sauti. Huko wana maktaba wanakohifadhi maneno ya wazee yasipotee. Siku mbili Kampire akasema, kaseti nne zikajaa. Mwishoni Hatibu akauliza, "Mama, aliyetunga aliitwa nani?"

Kampire akatikisa kichwa. Kwao Wanyarwanda mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa kaburini. Majirani nao walimwita Mzee wa Ng'ombe, basi.

Hatibu akaandika kitu. Kampire alishasoma ngumbaru, herufi hazimtishi. "Umeandika nini hapo?"

"Mtungaji hajulikani."

"Hajulikani! Mimi niliyempikia miaka kumi na moja simjui?"

"Basi liandike wewe, mama. Kalamu si mdomo."

"Mkono wangu nao uliolewa. Gari lako linaondoka lini?"

"Kesho saa sita."

"Lisiondoke sijarudi."

Alfajiri akashika njia ya Kamuli, kijiji cha jirani, kwa wifi yake Nyirabageni, waliyenuniana naye tangu matanga ya Celestin. Binti anaruhusiwa kumtaja baba yake.

"Leo njia umeikumbuka?" wifi akamcheka mlangoni. "Si uliapa hutakanyaga hapa mpaka mgomba uzae maharage?"

"Niliapa, na nimekanyaga. Jifunge kitenge, wifi. Baba yako anaandikwa hajulikani."

Nyirabageni hakungoja hata chai. Wakaja, mmoja mbele mmoja nyuma, njia nzima hawasemezani, na gari wakalikuta.

Hatibu akabonyeza mashine. Wifi alipotamka, Kampire alikuwa nje migombani, mbali kabisa. Kisha akaingia, akaomba karatasi. Lile neno baya lilikuwa limekatwa, pembeni pameandikwa Mbonimpa.

Akapitisha kidole juu ya jina, herufi kwa herufi, midomo ameifunga kama aliyebeba maji mdomoni. Kidole kilipofika mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiye huyo," akasema. "Sasa nenda naye."