Bonde Lisiloungua

Ofisini walimwita Bi Kesho, maana kazi yake ilikuwa kuuzeesha msitu kwenye kompyuta. Aliweka moto hapa, ukataji miti pale, kisha akaisogeza miaka mbele aone ndege hondohondo watapata wapi miti minene yenye mashimo ya kutagia. "Bi Kesho, niangalizie na mimi nitaoa lini," dereva alimtania.

Alicheka nao hadi mkuu wa idara alipomtaka aingize moto mkubwa wa bondeni. Moto huo ndio uliomchukua kaka yake, askari wa misitu. Aliingia kuwatoa wenzake, asitoke.

Aliuingiza. Bonde likawa jeusi kufumba na kufumbua. Hata hakujua vidole vyake vilifanyaje. Alishtukia ameufuta moto na kuanza hesabu upya. Miti ikanenepa, ndege wakaenea bonde zima.

Tangu hapo, wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki akilitazama bonde lisiloungua. Mara akaanza kusikia kikohozi cha kaka yake nyuma ya kiti. Hakugeuka. Aliogopa kukuta hayupo.

Siku moja wifi yake, mjane wa kaka, alimletea chakula kwa jinsi alivyokonda.

"Nini hicho, wifi?"

"Bonde. Kama lisingeungua."

Wifi akainamia skrini, akatazama wee. "Na mume wangu yuko wapi humo?"

"Hayumo. Humo ni miti na ndege tu."

"Basi zima. Mimi nilimzika, wewe unamfukua kila mchana!"

Bi Kesho akalia, chakula kikapoa mezani. Kesho yake aliurudisha moto, akamaliza kazi. Matokeo yalikuwa machungu: hondohondo wasingerudi bondeni mpaka watoto wa leo wawe na wajukuu. Mlima wa jirani, ambao miti yake ilikuwa ikatwe, ndiyo makao pekee waliyobakiwa nayo. Mkuu alisoma, akaguna, akazuia misumeno.

Lakini kikohozi hakikukoma. Mwishowe alijikaza, akamweleza wifi, akidhani ataambiwa amechanganyikiwa. Wifi hakushtuka hata kidogo.

"Kwangu ni mlango wa uani," alisema. "Nikishaufunga jioni, nakuta uko wazi."

"Sasa unafanyaje?"

"Naurudishia polepole. Watoto wasijue."