Waya Iliyoniumbua Mbele ya Wakwe

Chekeni tu, ila msiwaambie wateja wangu wa mtaani kwetu Mpumudde. Jumamosi nilikuwa Mbale, nikipiga muziki kwenye posa ya binti wa afande mmoja wa magereza. Amplifaya yangu ilitumia betri ya gari la afande, naye alinionya: "Fundi, betri ni ya muziki tu."

Mara spika zikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. "Kapasita inayosafisha umeme imekufa," nikatangaza kwa madaha, nikaibadilisha mbele ya wakwe. Wapi! Mvumo uleule. Nikabadilisha na nyingine.

Afande akainama. "Na waya hii je?" Akaivuta. Ikachomoka kwenye betri, mvumo ukakatika, na upande wa pili ikatoa mfukoni mwangu simu niliyokuwa naichaji kisirisiri.

Afande akashika maikrofoni. "Fundi, hii nayo ni kapasita?"