Kisima cha Kurudi Siku ya Ndoa

Juzi, kliniki ya macho Bububu, televisheni ilionesha tamthilia ya majini na mapanga. Kijana katumbukia kisimani, kaibukia enzi za babu zake. Bibi mmoja alikuwa akimsimulia mumewe, aliyefungwa bendeji machoni.

“Mie ningekipata kisima hicho,” bibi akasema, “ningerudi siku walokuja kuniuliza kama nakuridhia. Nlinyamaza, wakasema kimya ni ridhaa.”

Mzee akacheka. “Na mie ningerudi, nikuone ulivyonyamaza.”

Benchi zima tukaangua kicheko. Bibi akakunja mikono, akafunga mdomo.

Kwenye televisheni mapanga yakagongana, mtu akapiga ukelele.

“Haya, kijana kafanywaje?” mzee akauliza.

Kimya.

“Mke wangu, nakuomba.”

Kimya.

Masheikh wanisamehe, lakini kimya kile hakikuwa ridhaa.