Kona ya Mukarugwiza

Mugenzi alifika Gisimenti, mjini, asubuhi, mkahawa ukiwa bado haujapata wateja, akamkuta Xavérine jikoni anakaanga ndizi. Alikuwa amevua kofia tangu mlangoni. Akasalimia, akakubali chai, na chai ilipoletwa hakuigusa.

"Mzee hajisikii vizuri," akasema. "Mama yako anataka uje nyumbani."

Xavérine akaliepua karai. Mugenzi alikuwa mkuu wa chama cha ingobyi huko kwao Ndera. Hicho ni chama cha majirani wanaombeba mgonjwa kwa machela ya kufumwa iitwayo ingobyi, kutoka bondeni ambako gari halifiki hadi juu barabarani. Mtu wao akiugua, hawamwachi alale nyumbani huku wakienda kuwaita ndugu.

"Kama anaumwa," Xavérine akauliza, "mbona hamkumpandisha barabarani?"

Mugenzi akaitazama chai yake. Xavérine akajua kwamba baba yake amekufa. Akafanya ishara ya msalaba, akavua aproni, akaikunja vizuri kama vile kuna mtu atakayekuja kuikagua, wakaondoka pamoja.

Ilikuwa Novemba 1993, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye gari Mugenzi alimweleza kidogo kidogo. Mzee alikutwa ameketi kwenye kona, jembe likiwa kando yake. Hakukuwa na dalili kwamba aliteseka. Xavérine hakuuliza ni kona gani, maana ukoo mzima ulikuwa unaijua kona ile, na hata padri aliwahi kuambiwa habari zake.

Baba yake, Léonce, aliendesha gari la wagonjwa la hospitali moja mjini tangu kabla Xavérine hajazaliwa. Alistaafu mwishoni mwa 1990, vita vilipokuwa vimeanza kule kaskazini. Wenzake walimuaga kwa soda na kiti cha kuegemea, wakamwambia sasa ni zamu yake ya kupumzika. Kiti alikikalia wiki ya kwanza tu. Baadaye kuku mmoja alikizoea, akawa anatagia humo, na Léonce hakumfukuza.

Kupumzika kulimshinda. Asubuhi aliamka kwa saa zile zile za kazi, akanyoa ndevu, akavaa, kisha akasimama mlangoni hajui aelekee wapi. Akaanza kuingia jikoni. Akamwonyesha mkewe jinsi ya kupanga kuni, akafunua sufuria ya maharage, akauliza kwa nini chumvi imetiwa mapema.

"Baba Xavérine," mama akamwambia siku moja, "haya maharage nimeyapika tangu unioe, na hujawahi kuyaacha sahanini. Nenda kamtafute mgonjwa umbebe, uniache nipumue."

Alisema kwa kumchokoza tu, lakini Léonce alikwenda kweli. Siku hiyo hiyo alimfuata Mugenzi, akaomba kuingia kwenye ingobyi.

Watu walicheka sana. Mtu aliyewabeba wagonjwa maisha yake yote alikuwa hajawahi kumbeba hata mmoja kwa bega lake. Mara ya kwanza walimbeba Umuhoza, mke wa jirani, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Léonce alishika mti wa mbele, na mkono wake wa kulia ukawa unatafuta gia. Wenzake wakienda kwa mwendo wa pamoja, yeye alikuwa akipunguza kila penye shimo, nao waliokuwa nyuma wakamkanyaga visigino.

"Mzee Léonce," mmoja akamwambia, "hapa hakuna breki. Ukisimama wewe, tunaanguka sote."

"Basi pigeni honi kabla ya kunigonga," akajibu, na hata Umuhoza, pamoja na maumivu yake, alicheka.

Kicheko kiliisha walipofika karibu na nyumba ya Mukarugwiza. Hapo njia ilikata kona ghafla, upande mmoja genge, upande mwingine migomba yake imesongamana hadi ukingoni. Ingobyi haikuweza kupita ila kwa kulazwa ubavu. Wakailaza. Umuhoza akateleza kichwa kikaelekea chini, akashika miti kwa mikono yote miwili, akalia kwa hofu. Alifika salama, na mtoto akazaliwa salama, Mungu ashukuriwe. Lakini Léonce alirudi nyumbani na kona ile kichwani. Usiku alipokuwa akisali rozari na mkewe alikatiza katikati ya Salamu Maria.

"Mimi sijawahi kumpindua mgonjwa kwenye kona," akasema. "Hata siku moja."

Tangu hapo akawa mtu mwenye kazi. Mugenzi, kwa kuyahurumia mabega yake na visigino vyake, alimtoa kwenye kubeba akampa kazi ya kuitunza njia. Léonce aliipokea kama cheo. Alianzia bondeni, kwenye viazi vitamu, akapanda nayo. Alichimba ngazi penye utelezi na kuzishikiza kwa vigogo vya mikaratusi. Alijaza mashimo mawe, akatandika magogo juu ya mtaro. Mvua ikiharibu alirudia bila kulalamika, na mama alimsikia akiimba zaburi huko chini. Jumapili Xavérine alipokuja baada ya misa, hakuonyeshwa kitu kingine kabla ya njia.

"Papa, njoo ukae nami Gisimenti," alikuwa akimwambia. "Kule kuna watu, kuna redio, utatazama magari yakipita."

"Magari nimeyatazama vya kutosha. Njoo uone daraja langu."

Kilichobaki kilikuwa kona. Mukarugwiza alikuwa mjane, mwanamke wa maneno makali, na ile migomba ya ukingoni aliipanda marehemu mumewe. Léonce alimwomba mitatu tu, ile iliyobana njia. Akakataa. Akamwomba tena baada ya mavuno, akakataa tena. Ikawa desturi yao. Kila akimaliza kazi ya siku alipita hapo, akaegemea jembe, na yule mama akatoka uani akijifuta mikono.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama. Mitatu tu."

"Leo mitatu, kesho utaomba nitoe kitanda changu wagonjwa wapite. Umestaafu kuendesha gari, sasa unataka kuniendesha mimi?"

"Wewe ni mzito. Ningehitaji lori."

Alimkaribisha pombe ya ndizi kutoka kwenye migomba ile ile, na Léonce alikunywa. Mwaka uliotangulia maji ya mvua yalipoanza kuingia uani kwa Mukarugwiza, alimchimbia mfereji wa kuyapeleka pembeni. Yule mama alimwacha akamaliza, kisha akamwambia asidhani mfereji ni mahari. Léonce akamweleza kwamba alifanya kwa ajili ya njia, si kwa ajili yake. Ilikuwa kweli, na Mukarugwiza alijua ni kweli. Migomba haikukatwa.

Walipofika juu barabarani, Xavérine na Mugenzi walikuta sanduku limeshafika, limewekwa chini ya paa la duka. Seremala alikuwa amelitengeneza vizuri, refu, kwa sababu Léonce alikuwa mtu mrefu.

"Litabaki hapa," Mugenzi akasema kwa sauti ya chini. "Tutampandisha kwa ingobyi, ndani ya mkeka, tumweke sandukuni huku juu. Kule kwenye kona sanduku halipiti. Tukilipindua..."

Xavérine akashuka kwa ngazi za baba yake, mkono kwenye ukuta wa udongo, na kila alipokanyaga palikuwa imara.

Usiku walikesha kwa moto na sala. Mama, Pudentienne, alikaa kitako kwenye mkeka karibu na maiti, ametulia, akiongoza rozari mwenyewe. Jambo moja tu ndilo lililomsumbua, na alilirudia kwa kila mwanachama wa ingobyi aliyeingia: "Msije mkampindua." Nao walikuwa wakiinamisha vichwa, maana hata ingobyi ilikuwa haina njia nyingine pale.

Mukarugwiza alikuja akakaa mlangoni, mbali na taa. Baadaye akamwita Xavérine.

"Ni mimi niliyemwona," akasema. "Nilikuwa uani. Nikamwona ameegemea mgomba, nikajua amekuja na lile ombi lake. Nikamwambia, leo umenyamaza, mzee, umechoka kuniomba? Nikaendelea kumenya viazi. Nikamsema tena. Mwanangu, nilimsema kwa muda, naye alishakwenda."

Xavérine akamshika mkono. "Alipenda maneno yako, mama. Alikuwa akiyaleta nyumbani kila jioni."

Mukarugwiza alisali nao fungu moja la rozari, akajifunga kanga vizuri, akaenda kwake.

Alfajiri, watu wakiwa bado wananawa uso, ilisikika sauti ya panga kutoka juu. Mugenzi na vijana walipanda, wakamkuta Mukarugwiza amekwisha kuangusha mgomba wa pili na amesimama mbele ya wa tatu, jasho linamtiririka. Mmoja akataka kumpokea panga. Akamkatalia. Alipomaliza akawaelekeza kwenye mashina.

"Hayo yang'oeni ninyi," akasema. "Jembe lake liko hapo. Na mikungu muipeleke kwa Pudentienne, watu wapate kula."

Waling'oa mashina, wakasawazisha udongo, wakaushindilia kwa miguu. Kisha wakapanda kuchukua sanduku wakashuka nalo hadi nyumbani.

Léonce aliwekwa sandukuni ndani ya nyumba yake, amevaa shati jeupe, rozari mkononi. Mkewe alimfunika mwenyewe. Wanaume wa ingobyi walimbeba kwa zamu, nao walikwenda polepole, kwa mwendo wake. Kwenye kona walipita wakiwa wamesimama wima na sanduku likiwa limelala sawa. Mama alikuwa nyuma yake, akatazama hadi lilipopita, ndipo akaendelea kutembea.

Padri alisoma misa fupi. Makaburini waliimba, Mugenzi akasema maneno machache ya chama, Xavérine akatupa udongo, kisha mama, kisha majirani. Mvua haikunyesha. Kaburi lilipojazwa wakaweka msalaba wa mbao, wakasali Baba Yetu, wakarudi wakishuka kwa njia ile ile.

Nyumbani maji ya kunawa yalikuwa tayari mlangoni, kama ilivyo desturi. Aliyeshika kata na kuwamiminia watu mikononi, mmoja baada ya mwingine, alikuwa Mukarugwiza. Ndani, ndizi za migomba ile mitatu zilikuwa zimeiva sufuriani.