Betri Iliyoanikwa Juani

Kaka yangu alipoacha tumbaku, mama alishona kitenge kipya cha kwenda nacho kanisani. Huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kikohozi kilikuwa kimemkondesha mpaka nikaogopa kumtazama akivua shati. Badala ya tumbaku alivuta sigara ya umeme, na kila alipokuja kwetu Kasongo nyumba ilinukia nanasi. Nilizipenda alasiri hizo: mvuke unaelea chini ya bati, mama anasinzia mkekani, na mimi natengeneza simu za watu, nusu nikiota.

Siku aliyotakiwa kurudi machimboni, koili ya kile kidude, waya wa ndani unaochemsha mvuke, ilikatika. Bila hicho, alisema, angenunua paketi ya sigara kabla hajafika nusu ya njia. Nikachomoa waya kwenye pasi mbovu, nikaanza kuuzungusha kwenye msumari mwembamba.

"Zungusha mara kidogo tu, dada. Moshi itoke mingi."

"Yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "kama unataka kuungua mudomo, enda kwa fundi mwingine."

Katika mambo hayo mimi sina mzaha. Mizunguko ikiwa michache, waya hauzuii umeme vya kutosha. Betri hujimwaga yote kwa mkupuo na kuchemka, na kidude chenyewe kiko karibu na meno. Nikaongeza mizunguko, nikapima kwa mita: ohm moja na nusu. Nilipoupasha kidogo kwa betri ya simu, waya uliwaka taratibu kuanzia katikati, mwekundu kama kaa la jikoni. Niliutazama nikasahau kwamba mtu ana safari.

Nikanyoosha mkono kuchukua betri yake. Haikuwepo mezani.

Mama alikuwa amemsikia akilalamika kuwa betri imelegea. Kabla ya kulala akaipeleka anakopeleka betri zote za nyumba hii tangu tuzaliwe: juu ya bati la jiko, juani, katikati ya betri za redio yake. Zile za redio zikiota jua huimba tena kidogo. Sote tumekulia hivyo. Hii ya sigara si ya ukoo huo; ikizidi joto hulipuka. Niliikuta inaunguza, ngozi yake ya plastiki imejikunja, chuma kiko wazi. Niliishika kwa ncha ya kitenge, nikaifukia mchangani. Nilikuwa namwona kaka yangu akiipeleka mdomoni.

Barabarani motari, dereva wa pikipiki ya kumpeleka, akapiga honi.

"Sasa nitaenda namna gani?" kaka akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anaionja ile sigara ya kwanza.

Nikafungua taa yangu ya kichwa, ile ninayofanyia kazi kukiingia giza, nikatoa betri yake, nzima, ya aina ileile, nikaitia kwenye kidude pamoja na koili mpya.

"Ikipata moto mu mukono, zima, uitoe. Usijifanye mwanaume."

Akavuta. Harufu ya nanasi ikarudi. Hakukohoa.

Pikipiki ilipoondoka, mama aliamka na kutazama juu ya jiko.

"Betri ya mutoto iko wapi?"

"Ameenda na betri, mama."

"Ilikubali jua?"

Alikuwa ameshika shavu, ananisubiri. Hasira yote ikaniisha, nikampenda tu.

"Ilikubali. Lakini ingine ya namna ile unipe mimi. Inapenda kivuli."

Siku hizi nafunga kazi jua likizama, kwa kuwa taa yangu haina betri. Kaka akipiga simu, mama hamuulizi habari za dhahabu. Humwambia, "Pumua nisikie," kisha husikiliza.