Maswali Yaliyosomwa kwa Sauti

Mwaka ule volkano ilipoteketeza majengo ya chuo chetu, tulihamia ukumbi wa kanisa katika mtaa wa Mapendo. Nilikuwa asistanti, mhadhiri msaidizi, wa somo la udongo. Karatasi za kuchapia hazikuwapo, kwa hiyo mkuu wa idara, muzee mwenye sauti ya radi, aliwasomea wanafunzi maswali ya mtihani kwa Kifaransa mara mbili, kisha akaketi. Aliyekosa kusikia, basi tena.

Mbele kabisa aliketi msichana aliyekimbia vita vya waasi huko Rutshuru. Bomu lilianguka kando ya shamba lao karibu na Rumangabo, masikio yake yakafa yote mawili. Alifika mtaa wa Murara na mama yake, akajiandikisha chuoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku ya mtihani alikodolea macho mdomo wa mkuu, akaandika nusu ya swali, akainua kalamu. Mkuu akarudia kwa kupayuka zaidi, kana kwamba masikio hufufuliwa kwa kelele. Msichana akapata sufuri.

Nikaenda kumwona mkuu.

“Muzee, tumuandikie maswali.”

“Mama asistanti, mutihani ni moja kwa bote. Nikimuandikia huyu, kesho mwingine ataomba nini?”

“Huyu anaomba kujua ameulizwa nini, muzee.”

“Hapa ni iniversite. Haiko shule ya viziwi.”

Akanituma kwa dekani, mkuu wa kitivo. Dekani akanirudisha kwa mkuu. Kila mmoja alitikisa kichwa na kusema masikini, mutoto wa watu. Huruma yao ndiyo iliyonichosha kuliko yote. Mimi nilikuwa naomba chaki.

Wiki ya jaribio la somo langu mwenyewe nilimwendea seremala aliyekuwa akijenga nyumba za mbao juu ya lava iliyopoa, nikaazima ubao mpana. Nikaupaka unga mweusi wa betri kuukuu, nikaandika maswali yote kwa herufi kubwa, nikausimamisha mbele ya ukumbi. Kwa wote.

Msichana alisoma, akainama, hakuinua kichwa tena. Ambacho sikukitarajia ni manung'uniko ya nyuma. Mwanafunzi mmoja, baba wa watoto, alinijia mwishoni amekasirika kweli.

“Mama, kumbe neno ni *sol*, udongo! Mutihani wa muzee, mvua ilikuwa inapiga mabati, miye nilisikia *sel*. Nilijaza ukurasa muzima mambo ya chumvi!”

Wenzake wawili walicheka, kisha wakaacha kucheka. Nao walikuwa wameandika chumvi.

Mkuu akaingia, akautazama ubao.

“Nani alitoa ruhusa?”

“Ni wewe, muzee. Ulisema mutihani ni moja kwa bote.”

Alisoma mpaka chini. Akachukua chaki yangu, akasahihisha alama moja juu ya herufi ya Kifaransa, akatoka.

Katika jaribio langu msichana alifaulu vizuri. Lakini ile sufuri ya mkuu ilimrudisha sesiyo ya pili, mtihani wa marudio, na huo ulikuwa wa kuulizwa na kujibu kwa mdomo. Nikaanza upya: mkuu, dekani, mkuu. Niliongea mpaka wakawa wananikwepa mlangoni. Mwishowe, nadhani ili niwaache wapumzike, wakakubali aulizwe kwa maandishi. Akafaulu na hilo.

Muzee alipotia sahihi matokeo alinitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mama asistanti, kumbe huyu mutoto ana akili!”